Kitabu cha Parokia na Mkebe wa Bibi: Kuutafuta Ukoo Kibiti na Delta ya Rufiji

Sisi wa ualimu wa historia tunaijua sana mada ya vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia na vinginevyo. Tunaikariri kwa ajili ya mtihani, tukienda mazoezi ya kufundisha tunaiandika ubaoni kidato cha kwanza, watoto nao wanainakili, basi. Mwaka huu nimelazimika kuitumia mada hiyo kwenye jambo la nyumbani, maana kuna shamba la minazi huko Delta na kuna bibi yangu mmoja ambaye baadhi ya watu walisema si wa ukoo. Nitafika hapo. Kwanza tuwaangalie waliotutangulia katika kazi hii ya kuandika watu, yaani Waingereza.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na kitabu, na kila juma kasisi aandike waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa. Mwaka 1598 wakaamriwa kuandika kwenye ngozi badala ya karatasi, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Kuanzia 1754 ndoa zilipata kitabu chake, zenye saini za mashahidi. Kuanzia 1813 zikaja fomu zilizochapishwa, na ukurasa wa ubatizo ukawa unaonyesha hata kazi ya baba na mahali anapoishi. Serikali yenyewe ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837. Kwa hiyo Mwingereza wa leo, hata kama mababu zake walikuwa vibarua wa mashambani, anaweza kuanza na cheti chake, akaenda kwenye ndoa ya wazazi, akarudi kwenye ubatizo wa babu, akashuka ngazi kwa ngazi hadi miaka ya 1600 au kabla.

Siri ya njia hiyo iko kwenye vitu viwili. Kitabu ni kimoja kwa kila mahali, na kinamwandika kila anayepita mbele ya kasisi, awe tajiri au fukara. Halafu kuna jina la ukoo. Smith aliyezaliwa 1650 anamzaa Smith wa 1680, naye anamzaa Smith wa 1710. Ukilishika jina, umeshika kamba. Si kwamba vitabu vyao havina matundu. Wayahudi na Quaker hawamo, Wakatoliki wengi hawamo, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa anaweza asionekane popote isipokuwa kaburini, na tarehe iliyoandikwa mara nyingi ni ya ubatizo, siyo ya kuzaliwa. Lakini kamba ipo.

Sasa njoo kwetu. Mto Rufiji ukikaribia bahari unagawanyika mikono mingi, kati yake kuna mikoko, majaruba ya mpunga na minazi, na kuna vijiji vinavyofikiwa kwa mashua: Salale, Mbwera, Twasalie, Kiongoroni, Msala. Kibiti yenyewe iko juu, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Wenyeji ni Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa, Wamatumbi, na wengi wao ni Waislamu. Kanisa halikuwahi kuwaandika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na kuwaandika watoto waliokombolewa utumwani, tena kwa majina mapya ya watakatifu; Walutheri wa Berlin walikaa Maneromango kwa Wazaramo. Vitabu hivyo ni hazina kwa wenye navyo, ila mjukuu wa mkata boriti wa Salale hajikuti humo.

(Wenzangu mliotoka Peramiho, Kilema au Rubya, ninyi mna bahati. Nendeni parokiani mkaombe kwa heshima ukurasa wa ubatizo wa babu. Msisome mstari wake tu, someni na pembeni. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki linataka ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wake, pamoja na jina la parokia aliyooa. Maana yake babu aliyehamia Tanga kwenye mkonge akaoa huko, habari zake zilitakiwa zirudi kijijini alikobatizwa. Kitabu cha Waanglikana wa Uingereza hakina utaratibu huo.)

Tatizo la kwetu siyo tu kwamba hakuna kitabu kimoja. Hata jina halikai. Tuseme mtu anaitwa Juma, baba yake Salumu, babu yake Athumani. Yeye ni Juma Salumu Athumani. Mwanawe akiitwa Hamisi anakuwa Hamisi Juma Salumu, na Athumani ameshadondoka. Mjukuu anakuwa Rashidi Hamisi Juma. Salumu naye kwaheri. Kila kizazi kinaongeza jina moja mbele na kuacha moja nyuma. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wana majina mawili ya mwisho yanayofanana, lakini wajukuu wao hawafanani hata kidogo. Mwingereza akiona majina tofauti anasema hawa si ukoo mmoja. Ukifanya hivyo Kibiti utavunja koo zote kwa siku moja.

Ongeza na haya: mzee anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina alilopewa jandoni, na jina la utani alilolipata kazini likaliua lile la kwanza. Karani anaandika analosikia. Mama mzaa chema anaitwa Mama Fulani miaka hamsini mpaka wajukuu hawajui jina lake. Ndiyo maana nimefikia kanuni moja tu, na makala yote hii imesimama juu yake: kwetu usifuate jina, fuata mahali na uhusiano. Jina liwe la tatu.

Kufuata mahali

Mahali nako kunahama, inabidi ujue kulihama lini. Wakati wa Mjerumani makao ya wilaya yalikuwa Mohoro, pale pale Kinjikitile Ngwale aliponyongwa Agosti 1905. Baadaye yakahamia Utete. Kibiti imekuwa wilaya yake juzijuzi tu. Kwa hiyo cheti cha mama kinasema Rufiji, changu kinasema Rufiji, cha mdogo wangu wa mwisho kinasema Kibiti, na sote tumezaliwa umbali wa dakika kumi kwa bodaboda.

Halafu kuna Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilianza kuwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa mahali pa juu. Mzee anayesema kwao ni Ikwiriri anaweza kuwa na maana ya mahali alipopelekwa 1969, siyo alipozikwa babu yake. Swali zuri siyo "kwenu ni wapi?" Uliza, "Mlipohamishwa mlitokea wapi, na mliacha makaburi ya nani?" Makaburi mengi hayana maandishi, lakini wazee wanajua mwembe upi una nani chini yake.

Miaka nayo inapatikana kwa matukio. Hapa masimulizi siyo chanzo cha daraja la pili kama tunavyofundishwa. Ukiyashona vizuri yanabana kuliko cheti. Mtu hakumbuki alizaliwa lini, lakini anakumbuka alikuwa na mtoto mgongoni siku ya Uhuru, au alikuwa hajatahiriwa wakati wa mafuriko, au mumewe alikwenda Vita vya Kagera. Uhuru 1961, Azimio 1967, mafuriko 1968, Operesheni 1969, Kagera 1978 hadi 1979, Elnino 1997 hadi 1998. Mimi niliandika orodha hiyo kwenye jalada la ndani la daftari na kila jibu nikaliegemeza hapo.

Karatasi zilizopo

Kuna watu watasema basi serikali inayo yote, nenda RITA. Kila mmoja wetu aliyewahi kuhakiki cheti ili aombe mkopo anajua uzito wa karatasi ile, na wenzetu yatima wanajua zaidi uzito wa cheti cha kifo cha mzazi. Lakini sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 kwa muda mrefu haikuwalazimisha Waafrika. Vyeti vingi vya wazee vimetolewa uzeeni, kwa kiapo, mtu mzima akitaka pensheni au pasipoti. Hivyo cheti cha babu aliyezaliwa miaka ya 1940 kinaweza kukueleza kwa uhakika mwaka alioomba cheti kuliko mwaka aliozaliwa.

Zilizonisaidia zaidi ni karatasi ambazo hakuna aliyeziandika kwa ajili ya historia.

Ya kwanza ni rejista ya uandikishaji ya shule ya msingi. Ukienda mazoezi ya kufundisha, mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe ya zamani kabisa. Kila mtoto ana namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, mahali anapoishi, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Zile za kuanzia 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza, zimejaa watoto wa rika mchanganyiko darasa la kwanza, na miaka ya kuzaliwa imekadiriwa kwa macho ya mwalimu. Usiiamini miaka. Amini safu ya mzazi na ya mahali. Ukikuta watoto watatu, majina ya mwisho tofauti, mlezi mmoja, kitongoji kimoja, weka alama hapo urudi kuuliza. Na ni karatasi za watu walio hai, kwa hiyo usipige picha bila ruhusa na usisome zaidi ya ulichoombea.

Ya pili ni stakabadhi za kodi za zamani na kadi za chama. Ya tatu ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi. Nyumba ikiwa na mihtasari miwili mitatu ya miaka tofauti, hiyo tayari ni rejista.

Ya nne ndiyo mfalme: hati ya ndoa ya Kiislamu. Watu wanaitunza kama ushahidi wa mume na mke. Mtafuta ukoo anaitazama kwa sababu ya walii.

Walii ni yule anayemwozesha bibi harusi, na si kila mtu anafaa. Kwa mpangilio wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja, kisha watoto wa kaka, kisha ami, na kuendelea upande huo huo wa baba. Kaka wa mama mmoja tu, baba tofauti, hamo. Mjomba hamo. Kwa hiyo hati ikisema walii ni fulani, kaka yake, mwandishi amekupa tawi la baba bila kukusudia. Tangu 1837 cheti cha ndoa cha Uingereza kina nafasi ya jina la baba wa kila mmoja. Chetu kina walii, na walii anakueleza jambo hata pale baba alipokwisha kufa zamani. Angalia tu kama imeandikwa "walii" au "wakili wa walii", maana wakili anaweza kuwa mtu yeyote aliyeaminiwa. Na kama aliozeshwa na kadhi, tawi hulipati hapo.

Basi, turudi kwenye minazi. Babu mzaa mama alifariki mwaka 2021. Shamba la Delta lilikuwa la baba yake na halikuwahi kugawanywa. Dada yake babu, ambaye kwangu naye ni bibi, yuko hai Kibiti. Kwenye mazungumzo ya mirathi yakaja maneno kwamba yeye na babu walichangia mama tu. Kwamba mama yao alikuja kwenye ndoa ile ameshamzaa huyu bibi kwa mume mwingine. Ingekuwa hivyo, hana fungu katika shamba la mume wa mama yake. Ushahidi wa wenye maneno ulikuwa jina: jina la tatu kwenye karatasi za babu siyo lililo kwenye za bibi.

Nilikwenda kumsalimia likizo ya katikati. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Umekuja na kalamu tena." Akautoa mkebe wa biskuti uvunguni. Ndani: hati yake ya ndoa, kadi za kliniki za watoto, stakabadhi ya kodi ya babu ya mwaka 1966 ambayo hata hakumbuki ilifikaje kwake.

Nikaanza na umri. Kama bibi alizaliwa kwenye ndoa ya kwanza ya mama yao, lazima awe mkubwa kuliko babu. Yeye anasema magari yalipokuja kuwahamisha watu wa bondeni alikuwa bado mwali ndani, hajaolewa. Ni 1969, tuseme ana miaka kumi na minne au kumi na mitano, kwa hiyo amezaliwa katikati ya miaka ya 1950. Babu alikuwa akilipa kodi ya mtu mzima 1966; basi amezaliwa kabla ya 1950. Babu ni mkubwa, na hakuna anayebisha kwamba babu ni mtoto wa mwenye shamba. Hilo peke yake halitoshi, mtu anaweza kusema mama aliachika akaolewa kwingine akarudi. Nikafungua hati ya ndoa. Walii: babu, kwa jina lake na la baba yake. Uhusiano: kaka. Shahidi mmoja ni mzee wa Salale, kule kule shamba liliko. Sheikh aliyefungisha asingemkubali kaka wa mama tu.

Jina la tatu je? Nikamuuliza.

"Hilo la babu yenu ni jina la babu yetu. Hili langu ni jina walilomwita yeye huyo huyo forodhani, kwa kubeba magogo. Karani aliniuliza babu yako nani, nikamjibu nilivyozoea kusikia."

Kikao cha ukoo kilikaa tena, wazee wawili wa Salale wakaitwa wakasema hilo hilo la jina la forodhani bila mimi kuwatangulia, na muhtasari mpya una jina la bibi kati ya warithi. Shauri liko Mahakama ya Mwanzo, halijaamuliwa, kwa hiyo naliacha hapo.

Mbele ya mkebe

Ukishamaliza nyumbani ndipo uende kwenye kumbukumbu za serikali. Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, zina majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, na vile Vitabu vya Wilaya ambavyo mabwana shauri wa Kiingereza waliandika habari za koo, majumbe na mashamba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Usitegemee kumkuta babu kwa jina. Utakuta jumbe wake, kodi ya kijiji chake, njaa na mafuriko yake. Manowari Königsberg iliyojificha Delta ikazamishwa Julai 1915 imeandikiwa vitabu, nahodha wake Max Looff anajulikana. Wapagazi wa vita hiyo, walio wengi, hawakuandikwa majina popote panaposomeka. Sensa nayo haitoi majina. Waingereza wanafungua karatasi zao za sensa baada ya miaka mia moja, ya 1921 ilifunguliwa 2022. Na ule ufuatiliaji wa kaya ulioanza Rufiji mwaka 1998, uliohesabu vizazi, vifo na uhamaji mlango kwa mlango, ni wa afya na majina ni siri, inavyostahili.

Kuna jalada moja linalosemwa kwa sauti ya chini. Wajerumani walitoa hati za uhuru makumi ya maelfu kwa watumwa, na utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Delta na pwani yote ilikuwa na mashamba yenye mabwana na watumwa. Ukichimba nasaba unaweza kufika kwa mtu asiye na kijiji wala baba anayetajwa, na mzee akabadilisha mazungumzo. Mimi naona hapo ndipo pa kufunga daftari kwa siku hiyo. Ukirudi siku nyingine, uliza alilima wapi na alizikwa wapi. Nasaba yake iache aitaje mwenyewe akitaka. Kwenye mti wa ukoo usiandike "mtumwa" mbele ya jina la mtu ambaye wajukuu wake wanaozesha leo.

Na Kibiti usizunguke na daftari kiholela. Baada ya mauaji ya 2016 na 2017, mgeni anayeuliza majina na nani anaishi nyumba ipi anatazamwa, kwa haki kabisa. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda na mtu wa nyumba hiyo, sema unatafuta nini na kwa nini. Kwa vijiji vya Delta panga safari kwa maji kujaa na kupwa, mashua kutoka Nyamisati haisubiri ratiba ya chuo.

Mwisho ni suala la nakala. Aprili 2024 mafuriko yaliingia nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti, na mkebe wa biskuti hauzuii maji. Piga picha kila karatasi pande zote mbili, maana nyuma mara nyingi kuna maneno. Andika kwa mkono nakala mbili za orodha ya ukoo: kila mtu, aliyemzaa, aliyemwozesha, mahali, na nani amekuambia. Karatasi halisi zirudishe mkebeni mbele ya mwenyewe, ukihesabu. Nakala moja ya orodha ibaki kwa mama mdogo, nyingine uje nayo hosteli.